Skrubu ya Isandlwana na masanduku ya risasi ya Mwingereza

Tarehe 22 Januari 1879, chini ya kilima cha Isandlwana katika nchi ya Wazulu, jeshi la Uingereza lilipata kipigo ambacho London haikukiota. Wapiganaji wa Mfalme Cetshwayo, wapatao 20,000, waliizingira kambi, na ilipofika alasiri zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza walikuwa wamekufa, wazungu pamoja na Waafrika waliokuwa wakipigana nao. Walikuwa na bunduki za Martini-Henry, silaha ya kisasa kabisa kwa siku zile. Ilikuwaje basi?

Jibu lililopendwa kwa miaka mingi lilikuwa ni sanduku. Masanduku ya risasi, watu walisema, yalifungwa kwa mikanda ya shaba na skrubu kibao, bisibisi zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na wakuu wa bohari walikuwa wachoyo wasiotaka kutoa risasi bila utaratibu. Askari wakaishiwa, huku shehena nzima imekaa juu ya magari ya maksai. Kitabu maarufu cha mwaka 1965 kiliieneza hadithi hiyo, na filamu ya 1979 ikaipigilia msumari.

Ni hadithi tamu, na ina funzo ambalo kila mtu aliyewahi kusumbuliwa na karani wa ofisi angependa kulisikia. Tatizo ni kwamba sanduku lenyewe linaikana.

Sanduku la risasi za Martini-Henry lilikuwa la mbao ngumu, limezungushiwa mikanda miwili ya shaba nyekundu. Mikanda ilikuwa na skrubu zake, ni kweli, lakini kazi yake ilikuwa kulishika sanduku lisipasuke njiani. Askari hakutakiwa kuigusa. Njia ya kufikia risasi ilikuwa katikati ya mfuniko: kipande cha mbao kilichochongwa kama kabari, kinachoteleza ndani ya mfereji wake, kimezuiwa na skrubu moja ya shaba ya manjano yenye urefu wa inchi 2. Moja tu. Mwenye nafasi anaifungua kwa bisibisi. Mwenye haraka anakipiga kile kipande ubavuni kwa kitako cha bunduki au kwa nyundo ya kupigilia vigingi vya hema. Skrubu inapinda, kabari inachomoka. Chini yake kuna bati laini kama karatasi, lenye kishikio. Unalivuta, linachanika, na mbele yako ziko pakiti 60 za karatasi ya kaki, kila moja na risasi 10. Risasi 600 kwa sanduku. Skrubu zilizopinda namna hiyo hiyo zimeokotwa kwenye uwanja wa vita.

Na yule mkuu wa bohari mchoyo? Chanzo chake kikubwa ni Horace Smith-Dorrien, aliyekuwa luteni kijana siku ile, akanusurika, akaja kuwa jenerali. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba alikuwa akivunja masanduku kadiri alivyoweza, na mkuu wa bohari aitwaye Bloomfield akamkemea asilichukue sanduku lile kwa kuwa ni mali ya batalioni yake. Soma tena: ugomvi ni wa sanduku la nani. Mfuniko haukumshinda mtu. Tena kumbukumbu hizo zilitoka mwaka 1925, miaka 46 baada ya vita. Waliopungukiwa risasi kweli ni watu wa Kanali Durnford, waliokuwa wakipigana mbali na kambi na mbali na akiba yao. Tatizo lao lilikuwa umbali.

Nimeanza na skrubu hii kwa sababu mtu ukimwambia unatafiti vifungashio vya risasi vya jeshi la Uingereza, atakuangalia kama umekosa kazi. Lakini kifungashio ndicho kinachosema risasi ilifika wapi, kwa uzito gani, ikafunguliwaje, ikahesabiwaje. Na pale India mwaka 1857 kifungashio kilikuwa ndicho chokochoko chenyewe cha maasi ya askari dhidi ya Waingereza: risasi za bunduki ya Enfield zilikuja zimeviringishwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, na kulingana na mafunzo askari alitakiwa kuichana kwa meno. Uvumi ulipoenea kwamba mafuta ni ya ng'ombe na nguruwe, Wahindu na Waislamu wakakataa kwa pamoja. Karatasi na mafuta, basi.

Ugumu wa utafiti huu hautokani na uhaba wa maandishi. Waingereza waliandika mno. Ugumu ni kwamba maandishi yao yako ya tabaka nne, kila tabaka linazungumzia wakati wake, na mtafiti mgeni huyasoma yote kama kitu kimoja. Kuna sanduku lililokusudiwa, sanduku lililoidhinishwa, sanduku lililojazwa, na sanduku lililofika. Mara nyingi ni masanduku manne tofauti.

Tuanze na lililokusudiwa. Jeshi lililokuwa likinunua kutoka viwanda vingi lilihitaji namna ya kuhakikisha sanduku la fundi wa Birmingham linalingana na la fundi wa London, hata yapangike pamoja ndani ya gari moja. Njia yao ilikuwa ya kizamani na ya akili. Kitu kimoja kilitengenezwa kwa ukamilifu, wakubwa wakakikubali, kikapigwa muhuri wa lakiri na kuwekwa. Hicho ndicho kikawa mfano. Mkandarasi akileta mali inayobishaniwa, inalinganishwa na mfano wenye lakiri, na ubishi unaisha. Kwa risasi na masanduku yake kazi hii ilikuwa mikononi mwa Royal Laboratory, iliyokuwa ndani ya ghala kuu la silaha la Woolwich, kando ya mto Thames. Ndiyo maana michoro mingi ya masanduku ya kale ina herufi R.L. mbele ya namba. Mifano ya silaha ndogo ilikuwa na chumba chake Enfield, kwenye kiwanda cha bunduki cha serikali. Kiwanda kile kilipofungwa mwaka 1988 mkusanyo ukahamia Nottingham, na mwaka 2005 ukaingia Leeds chini ya makumbusho ya Royal Armouries. Hivyo mtu anayetaka kuona kitu chenyewe, mbali na maelezo yake, ana mahali pa kubisha hodi.

Lililoidhinishwa lina kitabu chake, na hiki ndicho uti wa mgongo wa utafiti wote. Kuanzia mwaka 1860 Wizara ya Vita ilikuwa ikichapisha List of Changes, yaani orodha ya mabadiliko ya vifaa vya kijeshi. Kila badiliko lilipewa namba ya aya, tarehe, maelezo na mara nyingine mchoro. Kamba ya kushikia ikibadilishwa, aya. Bati la ndani likiongezwa, aya. Sanduku likifutwa matumizini, aya. Palikuwa na herufi pia za kuonyesha nani anahusika: L kwa jeshi la nchi kavu, N kwa wanamaji, C kwa kitu cha wote wawili. Pembeni yake vilichapishwa vitabu vya mafunzo, hasa Treatise on Ammunition kilichotoka matoleo kadhaa kuanzia miaka ya 1870 hadi 1915, ambacho kinakuonyesha masanduku yaliyokuwa kazini kwa wakati wa toleo husika, pamoja na idadi na uzito. Orodha ya mabadiliko ni kama leja ya duka: inakuambia kilichoingia na kilichotoka. Kitabu cha mafunzo ni kama kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka.

Lakini angalia mtego ulipo. Aya inakuambia siku kitu kilipoidhinishwa London. Haikuambii siku kilipofika Mombasa. Haikuambii pia kwamba lile la zamani lilitupwa, kwa sababu halikutupwa. Jeshi lilikuwa na desturi ya kumaliza akiba iliyopo kwanza, na akiba ya kuukuu ndiyo iliyopelekwa mbali, makoloni. Ukikuta kifungashio kilichofutwa miaka kumi kabla kikitumika porini Afrika Mashariki, usiseme nyaraka zimekosea. Zote ziko sahihi, kila moja kwa mahali pake.

Halafu kuna suala la Mark, ambalo limewapoteza wengi. Waingereza walizipa namba za toleo karibu vitu vyote: Mark I, Mark II, na kuendelea, kwa tarakimu za Kirumi, na nyota ikiongezwa kwa marekebisho madogo. Risasi ilikuwa na Mark yake. Sanduku nalo lilikuwa na Mark yake. Sasa chukua sanduku la mbao lenye maandishi ya Mark VII upande mmoja, na Mark nyingine kabisa iliyochomwa au kugongwa upande wa pili. Watu wamewahi kuandika kurasa kuhusu "sanduku la Mark VII" wakati Mark VII ilikuwa ya risasi zilizokuwemo. Kanuni nyepesi: maandishi ya rangi na lebo ya karatasi huzungumzia shehena, alama iliyogongwa kwenye mbao au chuma huzungumzia sanduku. Shehena hubadilika mara nyingi, sanduku ni lile lile.

Tukiwa hapo hapo kwenye Mark VII, tuitazame risasi ya .303 kwa karibu, kwani ndiyo iliyopigwa zaidi katika bara letu kuliko nyingine yoyote ya Mwingereza. Ilianza na bunduki ya Lee-Metford mwishoni mwa miaka ya 1880, kwanza kwa baruti nyeusi, kisha kuanzia 1891 kwa kodaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi, iliyokamuliwa kama nyuzi. Kwa hiyo lebo ya pakiti ikitaja kodaiti, tayari unajua haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Mark VI ilikuwa na kichwa cha mviringo cha greni 215, sawa na kama gramu 14. Mwaka 1910 ikaja Mark VII, kichwa kilichochongoka cha greni 174, kama gramu 11. Tofauti hiyo haikuwa ya urembo. Bunduki iliyopimwa shabaha kwa Mark VI, ukiilisha Mark VII, risasi haiendi ulikolenga. Hapo unaelewa kwa nini lebo iliandikwa kwa herufi kubwa na kwa nini mkaguzi angeweza kurudisha sanduku zima kwa kosa la lebo.

Ufungaji nao ulibadilika. Mwanzoni zilikuwa pakiti za karatasi za risasi 10, zimefungwa kwa uzi. Kisha zikaja chaja, vile vibanio vya chuma vinavyoshika risasi 5 ili askari azisukume bundukini kwa dole gumba mara moja. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza mtindo wa kawaida ulikuwa mkanda wa kitambaa cha pamba wa kuvaa begani: mifuko 5, kila mfuko chaja 2, kila chaja risasi 5. Hiyo ni 50. Mikanda 20 ilipangwa ndani ya bati lililofungwa kwa kulehemu, bati ndani ya sanduku la mbao, ikawa risasi 1,000. Hesabu nzuri kama hiyo haiji kwa bahati. Mtu aliyekuwa akigawa risasi usiku, kwenye matope, hakuhitaji kuhesabu. Alihitaji kutupa mkanda mmoja kwa kila askari na sanduku moja kwa kila askari ishirini.

Kitako cha risasi yenyewe ndicho hakiki ya mwisho. Ukisoma K 15 VII, K ni kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, 15 ni mwaka 1915, VII ni Mark. R na L zilizotenganishwa na mshale ni Royal Laboratory. RG ni Radway Green, kiwanda cha serikali cha Vita vya Pili. KF ni Kirkee, India. Rangi inayozunguka fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, ina maana yake: zambarau kwa risasi ya kawaida, nyekundu kwa inayoacha mwanga nyuma yake, kijani kwa ya kutoboa chuma, buluu kwa ya kuwasha moto. Na tarakimu za Kirumi ziliachwa karibu na mwisho wa Vita vya Pili, kuanzia mwaka 1944, VII ikawa 7. Ukiona 7 kwenye sanduku unaloambiwa ni la Vita vya Kwanza, aidha sanduku lilipakwa upya au muuzaji anakufanya mjinga.

(Neno la pembeni, maana kuna atakayelihitaji. Sanduku la zamani likiwa na risasi ndani, hata zilizoota kutu, usizichokoe na usizisugue ili usome kitako. Toka, ita polisi.)

Sasa sanduku lililojazwa na lililofika, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mbao ilikuwa ghali na meli zilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo masanduku yalirudishwa, yakakaguliwa, yakajazwa tena. Sanduku moja linaweza kuwa na mshale mpana, ile alama ya mali ya serikali ya Uingereza, uliogongwa siku lilipotoka kwa fundi. Tarehe ya kujazwa kwa mara ya kwanza. Mstari wa rangi uliozifuta tarehe hizo. Maandishi mapya juu yake. Na pembeni lebo ya karatasi ya hatari. Lebo hiyo nayo ina historia. Sheria ya Milipuko ya mwaka 1875 iligawa milipuko ya Uingereza katika madaraja 7, la kwanza likiwa baruti na la saba fataki za sherehe. Risasi ziliwekwa daraja la 6, na risasi za kawaida za bunduki ziliingia kitengo cha kwanza cha daraja hilo, kile chenye usalama zaidi. Ukikuta 6 na 1 zimeandikwa karibu karibu na neno la milipuko, usihangaike kutafuta kikosi namba 61. Ni reli na meli zilizokuwa zikiambiwa zisiogope sana.

Mfano mzuri wa kwa nini matabaka haya yasichanganywe uko kwetu, Tanga. Mapema Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha askari wapatao 8,000 kutoka India kilishuka Ras Kasone kuuteka mji. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, akiwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akakisukuma nyuma hadi baharini. Tarehe 5 Waingereza walipanda meli zao wakaacha mali ufukweni. Von Lettow-Vorbeck ameandika kwamba alipata risasi 600,000, na namba hiyo imenakiliwa kila mahali tangu hapo.

Itazame namba yenyewe. Hakuna aliyekaa juu ya mchanga wa Ras Kasone akihesabu risasi moja moja hadi laki sita kamili. Yaelekea zilihesabiwa kwa masanduku, kisha idadi ya masanduku ikazidishwa kwa idadi iliyoandikwa ubavuni. Basi 600,000 ni habari ya kifungashio kabla ya kuwa habari ya risasi. Lilikuwa sanduku la risasi ngapi? Tukichukua lile la 1,000 tunapata masanduku 600. Lakini kikosi kilitoka India, na India ilikuwa na viwanda vyake Dum Dum na Kirkee, na masanduku yaliyojazwa kule hayana lazima ya kufuata kitabu cha Woolwich. Masanduku yaliyokwisha kufunguliwa yalihesabiwaje? Maswali haya hayamalizwi na List of Changes. Yanamtaka mtu aende kwenye nyaraka za ofisi ya India zilizoko Maktaba ya Uingereza, London, kundi la L/MIL, atafute India ilifunga vipi risasi zake mwaka ule. Hilo ndilo tofauti ya kusoma kilichoidhinishwa na kusoma kilichofika.

Uzito nao una kisa chake huku kwetu. Risasi moja ya .303 ina uzito wa kama gramu 25. Elfu moja ni kilo 25 kabla hujaweka chaja, kitambaa, bati na mbao, kwa hiyo sanduku zima linavuka kilo 30. Lilibuniwa libebwe na watu wawili, mmoja kila upande, au lifungwe juu ya nyumbu kwa jozi ili mizigo ilingane. Ulaya hilo halikuwa na shida. Lakini katika nyika za Afrika Mashariki nyumbu na farasi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o, na sanduku lililokusudiwa mgongo wa mnyama likaishia kichwani mwa mtu. Watu wa pwani walikuwa na kipimo chao cha mzigo tangu enzi za misafara ya pembe: frasila mbili, kama ratili 70, ambazo ni kilo 32. Sanduku la risasi 1,000 linaangukia hapo hapo, kwenye ukingo wa juu kabisa wa kile ambacho mpagazi mwenye afya na aliyekula angekibeba. Wapagazi wa vita hawakuwa na afya, na hawakuwa wamekula. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita hiyo. Anayetaka kujua walikufa vipi asianze na magonjwa peke yake. Achukue uzito wa sanduku, aongeze umbali wa siku, aone posho ilikuwa kiasi gani.

Wapi basi pa kwenda? Sehemu kubwa iko Kew, magharibi mwa London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Kadi ya msomaji haina malipo, unahitaji vitambulisho viwili, unaandika kwa penseli tu, na unaruhusiwa kupiga picha nyaraka kwa simu yako. Herufi WO ni Wizara ya Vita: WO 95 ni shajara za vikosi vya Vita vya Kwanza, zikiwemo za Afrika Mashariki, na humo makarani wa bohari huandika walichopokea na walichokosa. MUN ni Wizara ya Silaha iliyoundwa mwaka 1915 baada ya kashfa ya upungufu wa makombora ya mizinga. SUPP ni viwanda na bodi za silaha, na SUPP 6 ina mijadala ya wataalamu kuhusu majaribio. Kwa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kuna CO 534, barua za Wizara ya Makoloni. Jengo la Nyaraka la Nairobi nalo lina taarifa za mwaka za wakuu wa wilaya, ambazo mara nyingine hutaja mizigo na wapagazi kwa uwazi kuliko jeshi lenyewe.

Katalogi ya Kew inatafutika bure mtandaoni, ila ina ukaidi wake. Ukiandika "ammunition box" utapata vichache na utadhani hakuna kitu. Makarani wa karne ya 19 waliandika "case", "chest", "barrel", "package", au walitaja jina la kiwanda tu na kuacha sanduku ndani ya faili. Jaribu S.A.A., kifupi cha risasi za silaha ndogo, na usichoke haraka. Kingine: faili nyingi za ununuzi wa vifaa hazikuonekana zinastahili kuhifadhiwa, zikachanwa. Na mnamo Septemba 1940 bomu la Wajerumani liliichoma bohari ya nyaraka ya Wizara ya Vita mtaa wa Arnside, London, likaondoka na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Vita vya Kwanza. Ndiyo maana orodha iliyochapishwa, iliyosambazwa nakala nyingi, imebaki, lakini barua ya mkaguzi iliyoeleza kwa nini kamba ilibadilishwa mara nyingi haipo. Tunajua lini. Kwa nini, tunakisia kwa kuliangalia sanduku.

Ndiyo maana ninamsihi yeyote mwenye sanduku la namna hii nyumbani, na bado yapo: chini ya vitanda vya wazee waliotumikia KAR, kwenye karakana za useremala yakiwa yamejaa misumari, nyuma ya maduka ya vyuma chakavu. Kitu cha kwanza ambacho mtu mwema hukifanya ni kulipiga msasa lipendeze, na msasa hauachi tabaka hata moja. Subiri usiku, zima taa, uweke tochi ubavuni mwa mbao, mwanga uteleze juu yake badala ya kuipiga usoni. Herufi zilizopakwa rangi mara tatu zitajitokeza kwa kivuli. Piga picha pande zote sita, ukiwemo wa chini, maana ndiko fundi alikopenda kugonga alama yake. Kisha geuza mfuniko uangalie tundu la skrubu kama limechanika kuelekea upande mmoja.